Kutoka Bangkok hadi Ho Chi Minh City: safari ya saa moja na nusu



Wengi mmeniuliza habari za safari yangu ya mwezi Machi 2024. Mnaniuliza hasa juu ya ndege. Nitawaeleza, lakini nataka kueleza zaidi jinsi tulivyoipanga safari ile. Ndege yenyewe ilikaa angani saa moja na nusu tu. Kupanga kulichukua wiki nzima.

Mimi ni Bibi Shamba. Nafanya kazi katika bonde la Kilombero, na zao letu kubwa ni mpunga. Nilichaguliwa kwenda mafunzo ya kilimo cha mpunga karibu na mji wa Bangkok, nchi ya Thailand. Kabla sijaondoka, wanachama wa kikundi chetu cha wakulima waliniita. Walikuwa wamesikia redioni kwamba kusini mwa nchi ya Vietnam wakulima huvuna mpunga mara tatu kwa mwaka. Sisi tunavuna mara moja, na mwaka mbaya hata hiyo mara moja ni shida. Wakachanga shilingi 200,000. Mzee mmoja akanikabidhi na kusema, "Mwanangu, ukifika huko ukaona ni karibu, vuka ukatuangalizie."

Basi fedha ile haikuwa yangu. Kila nilipotaka kufanya jambo kwa haraka niliikumbuka.

Pale mafunzoni tulikuwa Watanzania wawili. Mwenzangu alikuwa Bwana Shamba kutoka Mbarali, mtu mzima kunizidi. Mimi nilimwita kaka, naye aliniita dada. Alipendezwa na wazo la kwenda Vietnam, akasema tutakwenda wote. Mafunzo yalikuwa yanakwisha Jumatano tarehe 13 Machi. Ndege ya kurudi nyumbani ilikuwa usiku wa Jumatatu. Kwa hiyo tulikuwa na siku chache katikati.

Kwanza tulifikiria kwenda kwa basi. Tukaangalia ramani. Kati ya Thailand na Vietnam ya kusini kuna nchi nyingine, Kambodia. Kwa basi tungevuka mipaka miwili, tungehitaji viza ya Kambodia pia, na karibu siku mbili zingekwisha njiani. Kwa ndege ni kilomita zipatazo 740. Huo ni mwendo mfupi kuliko barabara ya kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya. Tukaamua kwenda kwa ndege.

Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Jambo la kwanza lilikuwa viza. Viza ni ruhusa ya kuingia katika nchi ya watu. Tangu Agosti 2023, Vietnam hutoa viza kwa njia ya mtandao kwa watu wa nchi zote. Ya kuingia mara moja ni dola 25 za Marekani. Unajaza fomu kwenye simu au kompyuta, unapiga picha ya uso wako na ya ukurasa wa pasipoti, unalipa, kisha unasubiri. Wanasema siku tatu za kazi. Siku za kazi maana yake Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Sisi tuliomba siku kumi kabla, na nashukuru tulifanya hivyo, maana majibu ya kaka yalichelewa. Katika fomu wanataka jina kama lilivyo ndani ya pasipoti, herufi kwa herufi. Jina unaloitwa kijijini halihesabiki pale. Tikiti ya ndege nayo inataka jina hilo hilo. Viza ilipokuja tuliichapa kwenye karatasi, kwa sababu simu huzimika na karatasi haizimiki.

Jambo la pili ndilo lililonitia hofu zaidi. Viza yetu ya Thailand ilikuwa ya kuingia mara moja. Tulikuwa tumekwisha ingia. Sasa tukitoka kwenda Vietnam, ruhusa ile inakufa, hata kama siku zake zimebaki. Na ndege yetu ya kwenda nyumbani ilikuwa inaondokea Bangkok. Tungerudije ndani?

Wenzetu mafunzoni walisema, "Ni siku mbili tu, watawaelewa." Sikuridhika. Afisa wa mpakani hana kazi ya kukuelewa. Ana kazi ya kusoma mihuri. Nikauliza ofisini pale mafunzoni, wakanieleza kwamba ipo ruhusa ya kurudi. Unakwenda ofisi ya uhamiaji kabla hujatoka nchini, unajaza fomu, unatoa picha moja na nakala ya pasipoti, unalipa baht 1,000. Baht ni fedha ya Thailand. Siku zile baht 1,000 ilikuwa kama shilingi 75,000 za kwetu. Ukitaka ruhusa ya kutoka na kurudi mara nyingi, unalipa baht 3,800.

Kaka alishtuka. "Dada, elfu sabini na tano kwa mhuri mmoja?"

Nikamwambia, "Kaka, ukizuiwa hapo mpakani utalipa tikiti nyingine ya kwenda nyumbani. Hiyo utaiuzia ng'ombe wangapi?"

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Alhamisi tarehe 14 tulikwenda wote wawili. Tulikaa kwenye foleni tangu asubuhi mpaka saa 8 mchana. Tukapata mihuri yetu.

SAA NA TAREHE

Sasa nataka kusema kidogo juu ya saa, kwa sababu jambo hili huwapotosha hata wasomi.

Tikiti ya ndege haihesabu saa kama sisi. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza na linapozama. Tikiti huanza kuhesabu usiku wa manane, nayo huenda mpaka 24. Ukiona 14:00, toa sita, unapata saa 8 mchana. Ukiona 19:00, toa sita, unapata kumi na tatu. Imezidi kumi na mbili, basi toa kumi na mbili, inabaki saa 1 usiku. Namba ikiwa ndogo kuliko sita, ongeza sita. Kwa hiyo 03:00 ni saa 9 usiku.

Hesabu hiyo ni rahisi. Tatizo ni tarehe. Tikiti yetu ya nyumbani iliandikwa tarehe 19, saa 00:35. Kwetu hiyo ni saa 6 na dakika 35 usiku. Usiku upi? Ni usiku wa Jumatatu tarehe 18, kuamkia Jumanne tarehe 19. Mtu akienda kiwanjani Jumanne usiku ataambiwa ndege yake iliondoka jana. Mimi naona hesabu ya wazee wetu wa pwani ni ya haki zaidi, maana kwao siku mpya huanza jua linapozama. Lakini kwenye ndege mwenye hesabu ni mwenye ndege. Nikaandika kwenye daftari langu kwa herufi kubwa: JUMATATU JIONI UWE KIWANJANI.

Bahati nzuri Bangkok na Ho Chi Minh City zinafuata saa moja. Saa yao imetangulia ya Tanzania kwa saa nne, miji yote miwili.

VIWANJA VIWILI

Bangkok ina viwanja viwili vikubwa vya ndege. Kimoja ni Suvarnabhumi, kilichofunguliwa mwaka 2006, kipo mashariki ya mji. Kingine ni Don Mueang, cha zamani, kipo kaskazini. Kati yake ni zaidi ya kilomita 40, na magari ya Bangkok husongamana vibaya. Ndege za bei nafuu nyingi hutumia Don Mueang. Ndege yetu ya nyumbani ilikuwa inaondokea Suvarnabhumi.

Kaka alipata tikiti rahisi sana. Ya kwenda ilikuwa Ijumaa asubuhi. Ya kurudi ilikuwa Jumatatu, ikifika Don Mueang saa 2 na dakika 25 usiku. Akasema, "Dada, ndege ya nyumbani ni saa 6 na nusu. Tuna saa nne nzima!"

Nikachukua kalamu tukahesabu pamoja. Tumetua saa 2 na dakika 25. Kupita uhamiaji na kuchukua mizigo, saa moja. Sasa ni saa 3 na nusu. Basi la kutoka kiwanja hiki kwenda kile, saa moja na nusu, kama njia si mbaya sana. Sasa ni saa 5 usiku. Meza ya kupokea abiria hufungwa saa moja kabla ya ndege kuruka, yaani saa 5 na dakika 35. Imebaki nusu saa. Ndege ya kwanza ikichelewa nusu saa, na ndege huchelewa, basi kwisha. Tena tikiti zilikuwa mbili tofauti, zimenunuliwa mbalimbali. Ungekuwa umenunua tikiti moja ya safari yote, ungekosa ndege ya pili kwa sababu ya ya kwanza, wangekutafutia nyingine. Tikiti zikiwa mbalimbali, hasara ni yako.

Tukanunua ya kurudi Jumapili mchana. Ilizidi kwa dola 22, na tulipoteza siku moja ya kutembea. Kaka alinung'unika mpaka jioni.

Mizigo tuliipima wenyewe. Ndege za bei nafuu huruhusu kilo 7 tu za begi la mkononi, na ukizidisha unalipa. Kwenye ghala la mafunzo kulikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia. Tukatundika mabegi yetu. La kwangu kilo 6 na nusu. La kaka kilo 9, maana alikuwa amebeba vitabu vyote vya mafunzo. Tukavifungia kwenye mzigo mkubwa tuliouacha Bangkok. Mafuta yangu ya nazi niliyaacha pia, kwa sababu vitu vya majimaji ndani ya begi la mkononi havitakiwi kuzidi mililita 100 kwa kila chupa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano sikuiacha. Thailand huidai kwa watu watokao nchi zetu, na tulikuwa tunaingia Thailand mara ya pili.

Ijumaa tuliamka saa 8 usiku. Ndege iliruka saa 1 na dakika 40 asubuhi. Tulipewa maji, nikachungulia dirishani nikaona mto mkubwa wenye matawi, kisha tukaambiwa tufunge mikanda. Habari ya ndege ndiyo hiyo, haina zaidi.

Kutoka Ho Chi Minh City tulipanda basi kwenda Can Tho, kilomita kama 170. Huko ndiko kwenye mashamba ya mto Mekong. Ulikuwa wakati wa mavuno. Wafanyabiashara wanakuja na boti mpaka ukingoni mwa shamba, wanapakia mpunga. Wakulima walitueleza kwa msaada wa kijana mkalimani. Mavuno matatu yanatokana na mifereji, pampu, matuta ya kuzuia mafuriko na mbegu za muda mfupi, zinazokomaa kwa siku 90 hadi 100. Lakini mkulima mmoja alituambia ardhi inachoka. Tuta linazuia mafuriko, na mafuriko ndiyo yaliyokuwa yanaleta tope lenye rutuba. Sasa anaongeza mbolea kila mwaka. Wengine wamerudi kwenye mavuno mawili. Hilo niliwaeleza wanachama wazi, ingawa halikuwa jibu walilotaka.

Walitufundisha pia kanuni yao: lazima moja, punguza tano. Lazima utumie mbegu iliyothibitishwa. Punguza wingi wa mbegu, mbolea, dawa za wadudu, maji, na upotevu baada ya kuvuna. Wapo waliokuwa wanamwaga kilo 200 za mbegu kwa hekta, sasa wanatumia 80 hadi 100.

Siku ya kuondoka kaka alishika konzi ya mpunga wa mbegu. Akaniangalia. "Dada, huu ungeingia kwenye soksi tu."

Nilimkatalia. Mbegu haivushwi mpaka bila kibali cha kuiingiza nchini na cheti cha afya ya mimea. Kwetu anayesimamia ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Ndani ya mbegu husafiri magonjwa na mayai ya wadudu. Ninyi mnamjua dumuzi anayegeuza mahindi kuwa unga ghalani, wengine humwita Skania. Asili yake ni Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania miaka ya mwisho ya 1970, akaonekana kwanza upande wa Tabora, na mpaka leo hajatoka. Kaka alirudisha ile konzi kwenye gunia. Sikumwambia zaidi, yeye naye ni Bwana Shamba.

Jumapili Bangkok, afisa wa uhamiaji alifungua pasipoti yangu. Akageuza kurasa polepole, akarudi nyuma, akaona mhuri wa ruhusa, akagonga wake. Abiria mmoja kwenye mstari wa pili hakuwa na mhuri huo. Alipelekwa pembeni kwenye chumba. Kaka alimtazama mpaka mlango ukafungwa, kisha akaniambia, "Dada, leo chakula cha jioni nalipa mimi."

Atakayekwenda sasa ajue kwamba tangu tarehe 1 Mei 2025 Thailand inataka fomu ya kuingia ijazwe kwenye mtandao kabla ya kufika.

Nyumbani nilikisomea kikundi hesabu ya shilingi 200,000 zao, stakabadhi moja moja. Kule Can Tho nilikuwa nimeona ngoma ya plastiki yenye matundu, wanaiburuta juu ya tope, nayo inadondosha mbegu iliyochipua katika mistari. Nilikuwa nimeipima kwa futi kamba na kuichora. Fundi wetu ametengeneza moja kwa bomba pana la maji. Ya kwanza matundu yalikuwa makubwa, ikamwaga mbegu yote kabla ya kufika katikati ya jaruba. Ya pili inakwenda vizuri, na wanachama wanaiazima kwa zamu.