Amana Nyuma ya Nenosiri



Katika lugha yetu, maneno amini, imani, mwaminifu na amana yamechipuka katika shina moja. Mtu hakabidhi mali yake kwa mwingine kabla ya kumwamini. Na aliyeipokea amana hana ruhusa ya kuitumia apendavyo, wala ya kukaa kimya inapopotea. Leo naomba tulitumie neno hili kupimia jambo ambalo watu wazima wengi hulipuuza: akaunti za vijana wetu katika michezo ya mtandaoni.

Hapa Port Bell, kati ya gati la meli na barabara inayopanda kuelekea Luzira, kuna vibanda ambamo vijana hucheza kandanda ya kwenye televisheni kwa kulipia kila mechi. Mzazi apitaye huona kelele na kupoteza wakati. Lakini akaunti ya mchezaji hubeba jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, anwani ya barua pepe, pengine namba ya simu, na kumbukumbu ya kila malipo aliyoyafanya. Ukiiondoa picha ya mpira, kinachobaki ni daftari la maisha ya mtu, nalo limehifadhiwa na mgeni aliye mbali.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu alinifundisha uzito wa jambo hili. Kwa likizo kadhaa alikuwa akianika mukene mwaloni, na sehemu ya ujira wake akiinunulia kadi za malipo ili kuijenga timu yake mchezoni. Jioni moja alipokea ujumbe uliojidai kutoka kwa wahudumu wa mchezo, ukimwomba namba sita zilizokuwa zimeingia katika simu yake. Akazituma. Baada ya dakika chache nenosiri lilikuwa limebadilishwa, na barua pepe pia. Alipowaandikia wahudumu wa kweli, walimtaka athibitishe anwani na tarehe ya kuzaliwa zilizotumika kufungulia akaunti. Kumbe ilifunguliwa na binamu yake mkubwa, kwa anwani ya London ambako hakuna yeyote wao aliyewahi kufika, kwa kuwa Uganda haikuwamo katika orodha ya nchi za kuchagua. "Mwalimu," aliniambia, "akaunti ni yangu, lakini maandishi yote yanasema ni ya mtu asiyekuwepo."

Usifanye haraka kumlaumu. Desturi ya kujiandikisha kwa nchi ya watu haikuanzia kwake. Mwezi Mei mwaka 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 wanaotumia kompyuta waunganishe mchezo na akaunti ya PlayStation Network, ilidhihirika kwamba huduma hiyo haikuwa imefunguliwa rasmi katika nchi zaidi ya 170, nyingi kati ya hizo zikiwa za Afrika. Wachezaji walilalamika kwa sauti kubwa duniani kote, na baada ya siku chache kampuni ikaliondoa sharti hilo. Somo kwetu ni hili: mlango rasmi unapofungwa, mtu huingia kwa jina la kuazima, na mwenye jina la kuazima hana shahidi siku ya kuibiwa.

Sasa tuwatazame waliopokea amana. Kati ya tarehe 17 na 19 Aprili 2011, wadukuzi waliingia katika mitambo ya PlayStation Network. Tarehe 20 kampuni iliizima huduma yote. Wateja waliambiwa tarehe 26 tu kwamba taarifa zao, yakiwemo majina, anwani, tarehe za kuzaliwa na manenosiri, zilikuwa zimefikiwa na watu wasiojulikana. Akaunti zilizohusika zilikuwa takribani milioni 77. Tarehe 1 Mei, Kazuo Hirai na viongozi wenzake waliinama mbele ya waandishi wa habari jijini Tokyo na kuomba radhi. Huduma ilianza kurejea katikati ya mwezi huo, na wateja wakapewa michezo ya bure. Januari 2013, mamlaka ya Uingereza inayolinda taarifa za watu iliitoza Sony faini ya pauni 250,000, ikieleza kwamba shambulio lile lingeweza kuzuiwa.

Kati ya hayo yote, wateja wengi walikasirishwa hasa na zile siku za ukimya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kila siku ambayo mteja hajaambiwa ni siku ambayo mwizi analijaribu nenosiri lilelile katika barua pepe yake na kwingineko, maana watu wengi hutumia ufunguo mmoja kwa milango yote. Taarifa ya mapema haimrudishii mtu kilichoibwa, lakini humpa nafasi ya kubadilisha makufuli kabla mwizi hajafika mlango wa pili.

Tukio la pili ni la Januari 2022. Kampuni ya Electronic Arts ilitangaza kwamba akaunti zisizofika 50 za wachezaji mashuhuri wa FIFA zilikuwa zimetekwa. Wezi hawakuvunja mitambo. Waliwalaghai wahudumu wa wateja, na baadhi yao wakawafungulia akaunti wakiupita hata ule uthibitishaji wa hatua mbili. Namba hapa ni ndogo, lakini funzo lake ni kubwa: hata mteja aliyefunga kila komeo anaweza kuibiwa na neno tamu lililosemwa kwa mhudumu aliyechoka. Kampuni ilikiri kwamba kosa lilikuwa la kibinadamu upande wake. Ulinganishe ukweli huo na tabia ya wengi ya kumrudishia mteja lawama zote.

Nasi hatuko mbali na habari hizi. Oktoba 2020, benki ya Stanbic pamoja na kampuni za simu za MTN na Airtel zilitoa tamko la pamoja hapa Uganda kwamba hitilafu katika mitambo ya mtoa huduma wa tatu ilikuwa imevuruga uhamishaji wa fedha kati ya benki na simu, na kwamba salio za wateja hazikuguswa. Vyombo vya habari viliripoti kuwa ni udukuzi. Wengi wetu ndipo tulipotambua kwamba kati ya simu zetu na benki kulikuwa na mtu mwingine ambaye hatukuwahi kumsikia. Kijana anayecheza mpira wa mtandaoni na mama anayepokea fedha za samaki kwa simu wanasimama juu ya daraja la namna moja.

Kama raia, tuna cha kushika mkononi. Sheria ya Uganda ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka aliyehifadhi taarifa zako aiarifu mamlaka mara moja anapoamini kwamba zimefikiwa na asiyeruhusiwa. Inawagusa pia walio nje ya nchi wanaokusanya taarifa za raia wa Uganda. Taarifa za mtoto hazikusanywi bila idhini ya mzazi au mlezi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Ipo Ofisi ya Kulinda Data Binafsi, na malalamiko ya mwananchi wa kawaida hupokelewa huko. Haki hizi zimelala kwa sababu hatuziiti kwa majina yake.

Kwa hiyo nakuomba mambo machache, msomaji. Keti na mwanao muitazame akaunti yake pamoja: imefunguliwa kwa jina la nani, kwa barua pepe ya nani, na nani mwingine analijua nenosiri? Kila huduma na iwe na nenosiri lake, na uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe. PlayStation imekuwa nao tangu 2016. Namba inayoingia katika simu yako isisomewe mtu yeyote, hata akijiita mhudumu, kwani mhudumu wa kweli haihitaji. Risiti za kadi za malipo zihifadhiwe, maana huenda ndizo ushahidi pekee utakaobaki. Na kama umeibiwa, andika: kwa kampuni kwanza, kisha kwa ofisi niliyoitaja.

Mwanafunzi wangu hajairudishiwa akaunti yake hadi leo. Darasani tuliifanya habari yake kuwa zoezi la uandishi wa barua rasmi, na wanafunzi wakaandika kwa Kiswahili, lugha rasmi ya pili ya nchi hii, wakiuliza maswali matatu: taarifa zetu mnazihifadhi wapi, nani anazigusa, na zikipotea mtatuambia baada ya siku ngapi? Hayo ndiyo maswali ambayo mwenye amana anastahili kuyauliza, awe ameweka dhahabu au timu ya mpira. Nawe yaulize.