Ngazi ya Gari Yangu, na Mtoto wa Watu



Wengi wenu mnaijua gari yangu kabla hamjanijua mie. Ile Hiace nyeupe yenye mapazia ya kijani, inayosimama nyuma ya nyumba ya harusi tangu magharibi na kuondoka kesho yake biharusi akishatolewa, ndiyo hiyo. Kwa wasioijua: nashona nguo za harusi na kupamba, na harusi za shamba nazifuata huko huko ziliko. Niliinunua imeshatumika, nikatoa viti vyote vya nyuma. Seremala akanifanyia kitanda chembamba upande mmoja chenye madroo chini, na upande wa pili fimbo ya kutundikia magauni, kioo na meza ya cherehani. Nyuma kuna jiko dogo la gesi na dumu la maji ya udhu.

Wenzetu wa Ulaya wana gari kama hizi, kubwa zaidi, wanatembea nazo nchi hadi nchi na kulala humo. Safari zangu mie ni fupi: Makunduchi, Jambiani, Nungwi, Mkokotoni. Lakini kulala nalala. Biharusi wa asubuhi anaanza kupambwa baada ya sala ya alfajiri, na sitaki kuendesha usiku wa manane nikiwa na gauni la mtu.

Juu ya paa nilikuwa na keria. Kwenye keria kuna sola ya kuchajia betri ya taa na feni, halafu masanduku ya biharusi, mikeka, fremu ya pazia la kupambia, na turubai la kufunika vyote. Nikipita njiani watu wanageuka kutazama. Nakiri, nilikuwa napenda wageuke.

Sasa niwaambie lililonikuta.

Mfunguo mosi uliopita uliangukia ndani ya masika. Mnajua mfunguo mosi ulivyo: Ramadhani imekwisha, kila aliyekuwa anangoja anaoa, na mie nilikuwa na harusi mbili siku mbili mfululizo. Usiku wa kwanza, saa nne hivi, mvua ikaja na upepo. Kona moja ya turubai ikafunguka, ikawa inapiga paa la gari kama ngoma. Ndani ya masanduku yale mlikuwa na kanga, vitenge, mashuka ya biharusi, vitu ambavyo mama yake alivikusanya kwa miaka.

Nilikuwa mlangoni pamoja na msaidizi wangu, binti wa miaka kumi na tisa niliyemchukua kumfundisha kazi. Nikamwambia, "Panda mdogo wangu, kaza ile kamba." Akakanyaga tairi, akashika ukingo wa dirisha, akajivuta kwenye keria kama alivyozoea. Kamba akaikaza. Wakati wa kushuka, pindo la buibui likanasa kwenye ndoano ya keria, mguu ukateleza kwenye tairi lililorowa, akaanguka na kuutanguliza mkono.

Akainuka anacheka. "Hamna kitu dada." Lakini mkono ulikwishavimba. Tulimpeleka hospitali usiku ule ule, mfupa wa kifundo umevunjika, akafungwa hogo la wiki sita.

Kesho yake jioni nilikwenda kwao. Mama yake hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Alinikaribisha, akanipa chai, akasema, "Alhamdulillah mwanangu, ni mkono, si shingo." Nilirudi nyumbani na neno hilo na sikulala.

Asubuhi nikaenda Mwanakwerekwe kwa fundi wa kuchomelea. Nikamwambia nataka ngazi nyuma ya gari, ya kudumu, mtu apande kwa heshima. Akaipima, akasema laki tatu na nusu, njoo kesho. Nilikuwa na pesa za mchezo mkononi, na moyoni nilishaamua. Lakini kabla ya kutoa pesa nikakumbuka tunavyoambiwa kushauriana, nikaona niulize kwanza.

Wa kwanza alikuwa kaka yangu, aliyeendesha gari ya abiria miaka mingi. Aliizunguka gari yangu kimya, halafu akaninyooshea kidole mlango wa nyuma. Mlango huo unafunguka kwenda juu, na unashikiliwa na shokapu mbili ndogo za gesi. "Ukitundika ngazi ya chuma hapa," akasema, "hizi hazikupimiwa uzito huo. Zitachoka, na siku moja mlango utashuka juu ya kichwa cha mtu." Nikamwambia basi tuifunge kwenye bodi. Akasema bodi utaitoboa matundu. Kila tundu ni mlango wa maji. Utaziba kwa silikoni, sawa, lakini silikoni inapigwa jua na gari inatikisika, mwisho inaachia. Sisi tunaishi kisiwani, upepo wetu una chumvi. Bati likishachubuka rangi pembeni ya tundu, kutu halichelewi.

Wa pili ni mzee mmoja jirani yetu, fundi wa majahazi, mtu anayejua chumvi kuliko sote. Yeye akanieleza ya vyuma. Bomba la kawaida litapakwa rangi na kutu litalila kwa ndani. La zinki linavumilia, lakini pale linapochomelewa zinki inaungua, na hapo ndipo kutu huanzia. Stenlesi ni nzuri, bei yake ni nyingine. Aluminiamu ni nyepesi, ila ukiigusanisha na chuma kwenye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, lazima uweke mpira katikati. Nilikwenda kuuliza ngazi nikarudi na darsa.

Wa tatu ni mume wangu. Yeye aliuliza maneno mawili tu. La kwanza: "Ukiwa na ngazi, na mwizi si anayo?" Nikanyamaza, kwa sababu ni kweli. Gari inalala nje ya nyumba za watu, na ngazi ya kudumu haichagui wa kumpandisha. La pili: "Na atakayepanda ni nani?"

Hilo la pili ndilo lililonikaa.

Dada zangu, jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo, ila sikuwahi kulisema. Mie sipandi. Miaka yote ile sijapanda juu ya gari yangu hata mara moja. Mtu mzima, mke wa mtu, nimevaa buibui, nipande juu ya gari mbele ya wapishi na vijana wanaofunga mahema? Nilikuwa naona ni kuvunja stara yangu. Kwa hiyo nilimpandisha mtoto wa watu. Naye alikuwa amevaa buibui vile vile. Naye ana stara. Naye yuko njiani kuolewa. Nililoliona zito kwangu nililiona jepesi kwake, kwa sababu mie ndiye ninayemlipa.

Ngazi isingeondoa hilo. Ingemrahisishia kupanda, na mie ingenirahisishia kumtuma.

Usiku ule niliswali rakaa mbili za istikhara. Wengi wetu wanawake tunaiogopa istikhara, tunadhani lazima uote ndoto ya nyeupe au kijani. Si hivyo nilivyofundishwa madrasa. Unaswali, unaomba, unamkabidhi Mola jambo lako, kisha unaendelea na lile uliloliona la kheri baada ya kushauriana. Kama ni shari kwako, unamuomba alizuie. Sikuota kitu. Lakini asubuhi nilichukua daftari, badala ya kuandika bei za ngazi nikaandika kila kitu kilichoko juu ya paa, na mbele yake nikaandika kwa nini kiko juu.

Masanduku ya biharusi: kwa sababu nilisema "nitawabebea wenyewe, msiwe na shaka," ili nionekane nafanya kila kitu. Mikeka: kila nyumba ninayokwenda ina mikeka. Fremu ya pazia: kwa sababu ni ndefu, haiingii ndani. Sola: hiyo kweli mahali pake ni juu.

Kati ya vitu vinne, kimoja tu ndicho chenye haki ya kuwa pale. Na hapo kaka yangu akaniongezea jambo ambalo sikulijua. Paa la gari lina uzito wake wa kubeba, na uzito huo gari ikiwa imesimama si sawa na ikiwa inakwenda. Ukifunga breki ghafla au ukikata kona, mzigo wa juu unavuta, gari inayumba. Hiace ni ndefu kwenda juu kwa asili yake. Mie nilikuwa nairefusha zaidi, na ndani nimebeba roho za watu.

Basi ngazi sikuiweka. Nilifanya haya.

Masanduku yanachukuliwa na gari ya upande wa biharusi, na nawaambia mapema, siku ya kupima gauni, ili wasishtuke. Mikeka nimeiacha nyumbani. Fremu ya pazia nilimrudishia fundi yule yule wa Mwanakwerekwe, akaikata vipande vitatu vinavyoungana kwa nati, sasa inalala chini ya kitanda. Kazi hiyo ilinigharimu elfu hamsini. Keria imetoka, imebaki miguu miwili tu ya kushikia sola.

Sola inataka kufutwa, vumbi na chumvi vikishika inachaji kidogo. Kwa hiyo nimenunua ngazi ya aluminiamu ya kukunjwa, inakaa ndani, hakuna mwizi anayeiona. Tunaifutia sola nyumbani, uani, mchana, na si harusini. Anayepanda ni mie. Navaa suruali pana ndani ya dera, pindo nalifunga kiunoni. Ngazi inasimama kwenye sakafu kavu, mguu wake unaachana na gari robo ya urefu inapoegemea, yaani kwa paa la mita mbili ni kama nusu mita. Uso unaelekea ngazi, mkono mmoja daima umeshika, na mtu mwingine anashikilia chini. Siendi juu ya paa, nafuta kwa fagio la mpini mrefu. Mara ya kwanza miguu ilitetemeka, na binti yule, hogo lake mkononi, alikuwa amekaa barazani anacheka mpaka machozi. Nilistahili.

Zile wiki sita nilimlipa kama yuko kazini, na gharama za hospitali nilizibeba. Msinisifu kwa hilo, ni haki yake. Kilichokuwa kigumu ni kumuomba radhi. Nilimwambia, "Nisamehe, nilikutuma mahali ambapo mie mwenyewe sikwenda." Akasema, "Nimekusamehe dada, lakini siku nyengine mvua ikija, sanduku na lirowe." Na ndivyo tulivyokubaliana. Sanduku na lirowe.

Wateja wawili nimewapoteza, walitaka kila kitu kije juu ya gari moja kwa mbwembwe. Riziki iko kwa Allah, na waliobaki wananitosha.

Kwenu mnaojiandaa kuolewa, nina ombi. Mnapopanga pambo, ulizeni pia nani atalibeba, nani atapanda, nani atakesha. Nyuma ya kila pazia zuri kuna mkono wa mtu, aghlabu mkono wa msichana ambaye hajui kukataa. Na nyie wenzangu wenye biashara, kabla hamjanunua kifaa cha kumsaidia mfanyakazi kufanya jambo la hatari, kaeni kwanza mjiulize kama jambo lenyewe lina haja. Tumefundishwa kumfunga ngamia ndipo tutawakali. Mie nilikuwa nikitafuta kamba nzuri zaidi, na ngamia mwenyewe sikumhitaji.

Mola atuhifadhi na awabariki maharusi wetu. Amin.