Kisiwa Gani Tukapumzike?

Kusafiri ni jambo la kheri, na Qur'ani Tukufu yatuhimiza tutembee katika ardhi na tuzingatie. Lakini kila ifikapo likizo ya skuli, twaona jamaa wengi wakiuliza kwanza kodi ya nyumba na weupe wa mchanga, wakasahau jambo lililo kubwa zaidi: huko twendako, je, watu wa nyumba yetu watapumzika wote?

Sisi pia tulishauriana hayo hapa Mombasa. Vijana walitaka Nungwi, kaskazini ya Unguja, kwa kuwa wamesikia shamrashamra zake za usiku. Mama yao akasema neno moja tu: "Mimi sitaki kuhamisha jiko langu." Neno hilo lilituzindua. Mara ngapi tumesafiri, wanaume tukajilaza kivulini, na akina mama wakabaki na moshi na vyungu ugenini? Basi tukachagua Lamu, na kabla ya kufunga mizigo tukaagana kuwa chakula kitanunuliwa au kitapikwa kwa zamu, na wanaume wamo katika zamu hiyo.

Kutoka Mokowe, bara, ni safari fupi ya mashua. Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, una vichochoro vyembamba visivyopitika kwa gari. Mizigo huchukuliwa na punda, na mtu apende asipende hupunguza mwendo. Ukifuata pwani kwa miguu, hufika Shela kabla ya saa moja kutimia. Hapo pana msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1829, na ukikipita kijiji waanza ufuo wa kiasi cha kilomita 12. Penye mahoteli tuliona mavazi yasiyotustahiki kuyatazama. Tukasonga mbele, tukapata faragha yetu. Lakini watoto wasiachwe peke yao, maana hiyo ni bahari wazi yenye mawimbi.

Siku ya tatu tukataka kwenda Pate. Tulichelewa kufika gatini, na nahodha akatwambia kuwa maji yamekwisha kupwa, na Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki ila maji yajaapo. Kijana wetu akahamaki, akauliza kwa nini watu hawapangi saa zao. Nahodha akacheka, akasema: "Zimepangwa, mwanangu, lakini si na sisi."

Tukangoja. Tuliswali Adhuhuri jamaa, kisha wazee wakatukaribisha barazani wakatuhadithia habari za Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija, akawasomesha hata wale waliodharauliwa mjini, na akaasisi Msikiti wa Riyadha. Yule kijana aliyehamaki ndiye aliyekuwa na masuala mengi kuliko wote. Maji yalipojaa alasiri, ikabidi tumwite mara mbili.

Pate tuliona magofu ya mji wa kale katikati ya mashamba ya tumbaku, na Siyu tuliona ngome yake. Huko mama aliwakumbusha binti zake habari za Mwana Kupona, mzaliwa wa Pate, ambaye mwaka 1858, hali ni mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa wasia.

Basi, enyi ndugu zetu, mkichagua kisiwa, chagueni pale ambapo adhana yasikika na mama naye hupata kuketi. Na mkumbuke kuwa kisiwa ni nyumba ya watu: ingieni kwa salamu, vaeni vazi la heshima hata mtokapo pwani, msipige picha za wanawake wa watu, wala msimpunje nahodha haki yake.

Tuliporejea, mama alisema kuwa safari hii amepumzika. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie sote safari zenye salama na manufaa. Amin.