SEHEMU YA 9: Mkorofi wa Chuo na Binti Mpole

Sehemu ya 8 tulimaliza umanjano wa watoto wachanga. Leo tupumzike kidogo na magonjwa, ingawa mnanijua, lazima nitawarudisha wodini.

Mwezi huu meseji nyingi zinauliza kitu kimoja: "Nesi, binti yangu anasoma simulizi za mapenzi kwenye simu mpaka saa nane usiku. Nimnyang'anye?" Mmoja binti yake yuko kidato cha nne, mwingine wake ndiyo kwanza yuko mwaka wa kwanza chuoni. Nikaona hili ni letu sote, tuliongee.

Kwanza tujue wanachosoma. Panda mwendokasi pale Magomeni Mapipa saa moja asubuhi, uchungulie simu ya binti aliyesimama mbele yako. Hadithi ni ileile. Binti mpole, mtoto wa mama ntilie, amepata mkopo wa serikali na kwenda chuo. Siku ya kwanza tu anagongana na kaka mmoja kwenye korido, vitabu vyote chini. Kaka ni mtoto wa kishua wa Masaki, ana gari kali, mkorofi, hajawahi kumwomba mtu samahani. Anamtukana binti: "Mshamba wewe, huoni?" Wanachukiana. Kisha mhadhiri anawapanga kundi moja la kazi ya darasani. Kisha safari ya mafunzo mkoani, mvua, gari limeharibika, gesti imebaki chumba kimoja na kitanda kimoja. Kisha mama wa kaka anakuja na bahasha ya pesa: "Muache mwanangu." Kisha ajali. Kisha hospitali. Kisha harusi.

Sehemu ya kwanza bure, zilizobaki unalipia kwa simu halafu unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Na wanalipa! Bumu likiingia, buku moja ya simulizi haikosekani.

Msidhani ni mambo ya watoto wa siku hizi. Jane Austen wa Uingereza alitoa kitabu mwaka 1813 kuhusu binti asiye na mali na tajiri mwenye maringo waliochukiana siku ya kwanza kuonana dansini. Mwaka 1970 Mmarekani Erich Segal akaandika Love Story: Oliver mtoto wa tajiri anasoma Harvard, Jenny mtoto wa muoka mikate, wanakutana maktaba na kuanza kurushiana maneno. Mwaka 2013 dada mmoja wa Marekani, Anna Todd, akaanza kuandika After sehemu kwa sehemu kwenye mtandao wa Wattpad, kama hawa wetu wa Facebook. Binti mtulivu, Tessa, anaingia chuo na kukutana na Hardin, mwenye michoro mwilini na mdomo mchafu. Ikawa kitabu mwaka 2014, na mwaka 2019 ikawa filamu.

Na sisi tuliosoma fasihi sekondari tunamkumbuka Ngoswe wa Edwin Semzaba. Karani wa sensa kutoka mjini anafika kijijini, anampenda Mazoea, binti wa Mitomingi. Msomi wa mjini na binti wa shamba. Karatasi za sensa zikaishia motoni. Kwa hiyo hadithi ya watu wawili wasiofanana kupendana, hata mitihani ya taifa imeitunga maswali.

Mimi mwenyewe nazisoma. Usiku wodi ikitulia, wagonjwa wamepata dawa, saa tisa usingizi unakuja, mnataka nisome nini? Zina raha yake. Binti ambaye nyumbani hakuna anayemuuliza umeshindaje anasoma kuhusu binti kama yeye, wa nyumba ya kupanga, choo cha kuchangia, na mtu anamuona. Anachaguliwa yeye, wakati warembo wote wa chuo wapo. Kabla hatujazicheka hadithi hizi, tujiulize hilo linamgusa wapi mtoto.

Sasa tuje kwenye kinachonikosesha raha.

Hadithi inasema tofauti huvutana. Sawa. Mmoja mwongeaji, mwingine mkimya. Mmoja anapanga nguo kabatini, mwingine anazitupa kitini. Mmoja wa kanisani, mwingine hajui hata wimbo mmoja. Hizo ni tofauti, watu wanaishi nazo. Lakini angalieni yule kaka wa korido alichofanya. Alimtukana. Baadaye anamshika mkono kwa nguvu mbele za watu, anamkataza kuongea na wanaume wengine, anapekua simu yake. Katika After inakuja kujulikana kwamba Hardin alimfuata Tessa kwa sababu aliwekeana dau na wenzake juu ya usichana wake. Na bado ndiye anayepaswa kupendwa! Hadithi inachukua dharau inaiita tofauti. Inamwambia binti kwamba ukorofi ni ganda tu, ndani kuna moyo laini unamsubiri yeye aje aufungue kwa uvumilivu wake.

Mama zangu, dharau siyo tabia tofauti. Dharau ni dharau.

Ninaishi na mtoto wa dada yangu, anasoma stashahada hapa mjini. Jioni moja tunachambua mchele nikamuuliza hadithi yake imefikia wapi. Akacheka.

"Ma'mdogo, jana kamfokea mbele ya darasa zima. Lakini anampenda, sema hajui kuonyesha."

"Umejuaje anampenda?"

"Sura ya kumi mwandishi katuingiza kichwani kwake. Tunasikia anavyoumia."

"Sasa huyo kaka wa chuoni kwenu, nani atakuingiza kichwani kwake?"

Akanyamaza. Akaendelea na mchele. Baadaye kabisa, kama vile tunaongea kitu kingine, akaniambia yuko kaka mmoja wa darasani anayemkejeli kila akijibu swali, na wenzake wanamwambia, "Huyo anakutaka." Alikuwa ameanza kuwaamini.

Hapo ndipo shida ilipo. Kitabuni unapewa moyo wa mtu ndani nje, unajua yule mkorofi ni mwema kwa sababu mwandishi kakuonyesha. Maishani huna sura ya kumi. Una maneno yake na matendo yake tu. Akikukejeli, umekejeliwa.

Sasa twende wodini, maana sura ya hospitali katika simulizi hizi inanipa shida kuliko zote.

Binti anazimia. Daktari anatoka, anamwambia kaka koridoni: "Hongera, mpenzi wako ni mjamzito." Hapana jamani. Majibu ni ya mgonjwa. Anaambiwa yeye kwanza, faragha, na yeye ndiye anaamua nani ajue. Mfundishe binti yako hivyo, ili asiogope kuja kupima akidhani tutampigia simu mtu.

Kaka anamtolea binti damu, inaingia moja kwa moja, na damu zao "zinaendana", ishara kwamba waliumbiwa wao. Damu inayotolewa inapimwa kwanza: VVU, homa ya ini B na C, kaswende. Kisha inalinganishwa na ya mgonjwa. Kuendana kwa kundi la damu hakujui mapenzi. Tena kuna mahali kufanana ndiko kunakotuletea kilio. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli. Wawili wakiwa wazima kabisa lakini wote wamebeba vinasaba vyake, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Simulizi nzima ina safari, bahasha na ajali, lakini hakuna anayekwenda kupima kabla ya harusi.

Na ile gesti ya kitanda kimoja. Hakuna kondomu, hakuna aliyepima, asubuhi ni maua tu. Binti ajue: akikutana na mtu bila kinga, au akilazimishwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo vinataka haraka, visivuke siku 5. Kama amelazimishwa, aje hospitali kwanza hata kabla hajaoga, tutamsaidia, na polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Aliye chini ya miaka 18 anaweza kupiga 116, ni bure. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au wamewahi kubeba mimba. Hao hawakosi kuwa na wasomaji wa simulizi.

Je, watu wasiofanana wasioane? Waoane! Mimi nina stashahada, baba watoto aliishia darasa la saba, anauza vitenge Kariakoo. Mimi naongea kama redio, yeye salamu tu anaihesabia. Hajawahi kuniambia nakupenda mbele ya mtu. Mtoto wetu wa pili alipokuwa na miezi mitatu na mimi nimerudi zamu ya usiku, nilikuwa nakamua maziwa naacha nyumbani. Mwanaume huyu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi mzigo alikuwa anaamka saa saba, anakaa kitako, anamnywesha mtoto kwa kikombe taratibu kama nilivyomfundisha. Mama mkwe alipomuuliza kama hiyo ni kazi ya mwanaume, alijibu, "Mtoto ana njaa, mama." Basi. Tofauti zetu zipo mpaka leo na tunagombana. Lakini hajawahi kunidharau, wala mimi yeye na darasa lake la saba. Simulizi zinaishia harusini, mwandishi anaandika mwisho. Kazi yangu mimi inaanzia hapo, nawapokea leba, na naona nani amekuja na nani.

Nirudi kwenye swali: umnyang'anye simu? Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, riwaya ambayo kwa muda ilipigwa marufuku mashuleni. Rosa alilelewa kwa kufungiwa. Barua ya mvulana tu ilimletea kipigo cha baba. Alipotoka nje ya macho ya baba yake hakujua aanzie wapi na wanaume, na mwisho wake ulikuwa kaburi. Aliyepiga hakumlinda, na waliopiga marufuku kitabu hawakuwalinda wasichana wengine.

Kwa hiyo simu iwekwe saa nne, kwa sababu mtoto anahitaji kulala, hilo simamia. Lakini hadithi msome pamoja. Muulize umefika wapi. Kisha muulize hivi, mkiwa mnakata mchicha, bila sauti ya ukali:

1. Huyu kaka angekuwa hana gari na siyo mzuri wa sura, maneno yale yale yangekuwaje?
2. Binti alipokataa, alisikilizwa?
3. Amebadilika kwa matendo, au ameomba samahani na maua?
4. Tangu ampate, binti ana marafiki wangapi waliobaki? Masomo je, au anakaribia kudisko?
5. Angekuwa mdogo wako, ungemwambia nini?

Usimjibie. Muache ajibu mwenyewe, hata kesho.

Na wenye watoto wa kiume, msijione mmepona. Na wao wanazisoma, au wanaziona kwenye filamu, wanajifunza kwamba msichana akikununia, ongeza ukorofi, atalainika. Waulizeni hayo hayo maswali.

Yule binti yangu bado anasoma, jana kanunua nyingine. Kuhusu yule kaka wa darasani, aliniambia alimjibu mbele ya wenzake: "Kama una swali uliza, kama huna kaa." Kaka akakaa.

Niandikieni binti zenu wamejibu nini. Sehemu ya 10 tutaongelea homa ya mtoto usiku: lini usubiri asubuhi na lini utoke mbio. Usiku mwema, naingia zamu.