Somo Wako Shingoni: Kutoka Handeni Hadi Korogwe

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba wiki hii unakwenda Handeni, uone atakavyokutazama. Atakukonyeza, halafu atakuuliza kwa sauti ya chini: "Vipi kaka, mambo yamekuwa mazito? Unakwenda kuzindikwa nini?" Ndiyo sifa ya Handeni hiyo, sifa ya waganga na hirizi. Kwamba Wazigua wengi wa huko wameshika majembe yao, wanalima mahindi na machungwa, hilo halina utamu wa kusimuliwa kijiweni.

Basi leo, mpenzi msomaji, twende huko huko, lakini tuzungumzie kitu kingine cha shingoni: medali ya mtakatifu, pamoja na ndugu yake rozari. Usicheke. Kwenye nchi yenye jina la hirizi ndipo swali hili linapouma zaidi: hivi Mkatoliki aliyening'iniza medali kifuani ana tofauti gani na yule aliyefunga hirizi mkononi?

Kwanza njia. Ukitoka Dar unapita Chalinze, unashika barabara ya Segera. Ukifika Mkata unakata kushoto, unaingia Handeni mjini. Kutoka hapo unashuka Korogwe kwa lami, kama kilometa 65, mpaka kwenye Mto Pangani, ambao wengi huko huuita Ruvu. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mji ukawa wa treni, wa mkonge na wa wasafiri. Mpaka leo basi likisimama hapo, madirisha yanajaa matunda kabla konda hajashuka.

Wakatoliki pande hizi si wengi. Waislamu ndio wengi, na Waanglikana nao wana mizizi yao tangu enzi za misheni za Magila, Korogwe na Kideleko. Jimbo Katoliki la Tanga lilisimikwa mwaka 1958, na kanisa lake kuu lina jina la Mtakatifu Antoni wa Padua. Kwa hiyo mwenye rozari ya chembe 59 anaishi ukuta mmoja na mwenye tasbihi ya chembe 99. Wanaazimana chumvi, wanazikana, na kila mmoja anazivuta chembe zake kwa dua yake. Hakuna anayeshangaa.

Sasa sikiliza neno ambalo Waswahili wametupa bure. Mtakatifu ambaye Mkatoliki anabatizwa kwa jina lake anaitwa somo. Na somo huku pwani ni nani? Ni mtu mliyepeana jina. Ni yule mama anayemfunda mwari mambo ya utu uzima. Ni msiri wako, unayemweleza usiyoweza kumweleza mama yako mzazi. Ndiyo maana bibi akimvalisha mjukuu medali ya Antoni anaweza kumwambia, "Mjukuu wangu, huyu ndiye somo wako," na mtoto akaelewa pasipo mahubiri. Hajapewa dawa, amepewa mtu wa kumfuata.

Tofauti iko hapo. Hirizi haiulizi tabia yako. Uwe mwizi, uwe mzinzi, mradi umelipa na masharti umeyashika, unategemea ifanye kazi. Somo anauliza. Umevaa Bakhita, msichana wa Sudan aliyeuzwa utumwani, akaja kutangazwa mtakatifu mwaka 2000, halafu msichana wako wa kazi unamnyima mshahara? Umevaa Karoli Lwanga, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa kukataa kuikana imani yake, halafu wewe unakana hata deni la dukani? Jamani! Hiyo medali inakusuta.

Kanisa lenyewe limeliweka wazi. Medali na rozari vikishabarikiwa vinahesabiwa kuwa visakramenti, vitu vya kumwandaa mtu na kumkumbusha sala. Havitoi neema kwa namna ya sakramenti, na kuvitegemea kana kwamba vina nguvu zake vyenyewe ni ushirikina ule ule uliokimbiwa. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: baraka haiuzwi. Unanunua kwanza, unampelekea padri baadaye. Ukikuta mtu anaongeza bei kwa sababu ati "hii imeshabarikiwa", mwachie rozari yake uondoke.

Tukija kwenye ufundi, ndipo roho inaponiuma. Nyingi ya rozari na medali tunazovaa ni za kiwandani, plastiki na alumini, zimevuka bahari kuja kwetu. Wakati huo huo tazama wilaya hizi mbili zilivyojaliwa. Mpingo upo kwenye misitu ya Handeni, mti mweusi, mzito, ukiutupa majini unazama. Fundi anaukata vipande vidogo, anakereza chembe moja moja, anatoboa kwa keekee, anapiga msasa, halafu anang'arisha. Chembe 53 za Salamu Maria, chembe 6 za Baba Yetu, zote zilingane. Ikipasuka moja wakati wa kutoboa, anaanza nyingine. Na mpingo hukua polepole mno, unaweza kuchukua miaka 70 na zaidi kabla ya kufaa kukatwa, kwa hiyo uzuri wa chembe ni kwamba zinatoka kwenye vipande ambavyo mchonga vinyago anavitupa.

Uzi nao uko Korogwe. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miche aliyoagiza ilipona 62 tu. Kutokana na hiyo yakaja mashamba yaliyoenea mkoa mzima wa Tanga. Katani ikisokotwa vizuri inafungwa mafundo imara kati ya kumi moja na nyingine. Nisikufiche, inakwaruza shingo. Lakini rozari ni ya mkononi, medali ndiyo ya shingoni.

Na vito je? Kaskazini mwa wilaya hiyo ya Korogwe, upande wa Kalalani na Bonde la Umba, huchimbwa ganeti za rangi nyingi. Ipo moja ya rangi kati ya chungwa na waridi ambayo wanunuzi wa zamani waliikataa, kwa sababu haikuwa aina waliyoitaka. Wachimbaji wakaibandika jina la malaya. Baadaye dunia ikafumbua macho, jiwe likapanda bei, na hadi leo masonara wa Ulaya na Marekani wanaliita hivyo hivyo, "malaya". Fundi akilipachika kwenye medali ya Maria Magdalena itakuwa mahali pake hasa: mama wa watu aliyepakaziwa jina hilo karne kwa karne, na Injili haijasema popote kwamba alikuwa hivyo.

Nimalizie kwa madereva. Somo wao ni Kristofa, msimamizi wa wasafiri, na medali yake huning'inizwa karibu na kioo. Ni vizuri. Lakini Februari 2023, hapa hapa wilayani Korogwe, Coaster iliyobeba msiba kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro iligongana na Fuso usiku. Watu zaidi ya 15 walikufa. Waliokuwa wakienda kuzika wakazikwa wao. Barabara hii haichagui mwenye hirizi wala mwenye medali. Kristofa kwenye hadithi yake aliwavusha watu mto kwa kuwabeba mabegani, taratibu, hatua kwa hatua. Dereva anayemvaa na asimuige kwenye mwendo amevaa bati tu.

Kwa hiyo ukimtaka somo wako, mtafute fundi. Mwambie jina lako la ubatizo, akuchongee. Kagua matundu ya chembe, vuta mafundo, halafu lipa bila kumkamua mwenzio. Padri atabariki bure. Kazi inayobaki, ya kufanana na huyo uliyemvaa, ni yako mwenyewe, na hakuna mganga wa Handeni wala wa kwingine atakayekusaidia kuifanya.