Chausiku alale ghalani



Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara mbili. Paka wako Chausiku kapotea siku tatu, karudi anachechemea, sikio limechanika, nawe unauliza kama umfungie ndani kama nilivyomfungia wangu huku. Mjomba, wa kwanza sikumfungia. Nilimkuta asubuhi kando ya barabara, gari limempitia.

Hapa Ujerumani suala hili la kuwafungia paka limefika serikalini. Mei 2022, wilaya ya Rhein-Neckar iliamuru paka wa upande wa kusini wa mji wa Walldorf wafungiwe hadi mwisho wa Agosti, kwa ajili ya ndege mdogo mwenye kishungi, jamii ya kipozamataza. Hutaga chini, na makinda yake hutoka kiotani kabla hayajaweza kuruka. Paka akikutwa nje, faini ilikuwa euro 500. Akiua ndege huyo, hadi 50,000. Wenye paka walilalamika sana. Mimi nilikuwa upande wa ndege, maana nilimkumbuka chozi wa Loveridge, anayefyonza maua huko kwenu juu ya Morningside. Dunia nzima yuko Uluguru tu. Hana mlima mwingine wa kukimbilia.

Ila sikwambii uige Wajerumani. Paka wa huku hula chakula cha kopo. Chausiku analinda mahindi. Ninachoogopa zaidi ni sumu ya panya ya majirani. Panya aliyeila hafi papo hapo, huanza kuyumbayumba, na huyo ndiye rahisi kukamatwa.

Na lile sikio limeninyima usingizi. Kama aling'atwa na mbwa mwenye kichaa, hatari ni ya nyumba nzima. Mpeleke hospitali ya wanyama pale chuo kikuu cha kilimo, SUA, uwaeleze zile siku tatu, na uulizie chanjo. Mtoto yeyote aliyeparuliwa au kung'atwa naye, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Akipona, jioni mfungie ghalani pamoja na magunia na bakuli la maji. Panya watamfuata humohumo. Umfungulie jua likishapanda, ndege wakiwa wamemaliza kula kwao kwa alfajiri.

Hela ya nauli na chanjo nimeituma kwenye simu yako. Mbebe kwenye tenga lenye kifuniko, ukifunge kwa kamba, bodaboda itamshtua.