Harufu ya Gundi

Juzi kijana wa karakana ya jirani alinicheka niliposema kuwa kulikuwa na ndege za vita za mbao. "Mzee, mbao itarukaje?" Kabati analouza yeye ni vumbi la mbao lililoshindiliwa, likipigwa na unyevu wa masika moja, linafura na kumeguka.

Mimi nilijifunza useremala Makadara, Mombasa, kwa fundi aliyerudi kutoka vita vya Burma akiwa askari wa KAR (King's African Rifles). Karakana yake uliijua kwa pua kabla hujaifikia: gundi ya ngozi ikipata moto polepole ndani ya kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji, ikinuka kama kwato zilizoungua. Hakuiacha ichemke. Alichovya kijiti, akakiinua, akautazama uzi wake ukishuka, ndipo aseme, "Haya, paka." Kiungo kikabanwa kwa jiliwa hadi kesho yake, mteja apige kelele asipige. "Mbao haina kosa, mwanangu. Kiti kikiachia, mtafute aliyefanya haraka."

Ndiye aliyenisimulia Mosquito, ndege ya Waingereza iliyoundwa kwa plaiwudi ya mbetula na balsa ya Ekuado, na mafundi wa samani wakashiriki kuitengeneza. Baadaye niliangalia tarehe: iliruka mara ya kwanza 25 Novemba 1940. Yeye hakujali tarehe. Alichokumbuka ni mvua za Bonde la Kabaw, huko Burma, mwaka 1944, viatu vikiota ukungu usiku mmoja. Gundi ya Mosquito za mwanzo ilitokana na maziwa, na joto lenye unyevu kama huo huifanya ioze. Novemba 1944, baada ya mabawa kuvunjika angani, Mosquito zilizokuwa India zilizuiwa kuruka. Wachunguzi walikuta viungo ambavyo havikugundishwa sawasawa tangu kiwandani. Fundi wangu hakushangaa.

Mosquito zilitengenezwa 7,781, ya mwisho mwaka 1950. Alumini ya ndege nyingine huyeyushwa ikauzwa. Mbao iliyokwisha kugundishwa haina mnunuzi. Nyingi zikachomwa moto. Uchungu wangu ni huo, na kwamba mbao ilibeba lawama ya gundi.

Fundi amefariki, na pale Makadara sasa panauzwa simu. Lakini Mosquito ya kwanza kabisa, W4050, ipo hadi leo katika makumbusho ya Salisbury Hall, Uingereza, ikiwa na zaidi ya miaka 80. Basi kijana wangu, mbao huruka. Wewe ipe gundi usiku wake.